Njia ya Mtumbwi wa Baba

Mama alikuwa akifagia njia isiyopitwa na mtu. Kila asubuhi, kabla hajawasha moto, alichukua ufagio wa majani, akaanzia mlangoni, akashuka taratibu mpaka pale matete yanapoanza, kisha akarudi. Wala haikuwa njia ya miguu. Ulikuwa mfereji mwembamba, umebonyea kama tumbo la mtumbwi, kwa sababu ni mtumbwi ulioubonyeza.

Baba alikuwa mvuvi, na siku ambazo samaki walikuwa wachache alivusha watu. Mtumbwi wake hakuuacha ukingoni hata siku moja. Viboko wa Kilombero hawapendi kitu kilicholala kwenye njia yao ya kwenda malishoni. Wakiukuta mtumbwi wanaukanyaga ukawa kuni. Wenzake waliificha mitumbwi yao kwenye matete na kuomba Mungu. Yeye aliufunga kamba na kuuvuta kutoka mtoni hadi mlangoni kwetu kila jioni, na alfajiri akaurudisha. Alianza kabla sijazaliwa. Watu walimcheka, wakasema bwana huyu ana wake wawili na mmoja ni wa mti. Mama alikuwa akiwajibu kwamba ni heri mke mwenza asiyekula.

Sauti ya mtumbwi ule ukiburutwa juu ya majani naikumbuka kuliko sauti yake mwenyewe. Naona aibu kuliandika hilo, lakini ndivyo ilivyo. Nikifumba macho uso wake unakuja vipande vipande, kidevu leo, mkono kesho. Sauti ya mtumbwi inakuja yote. Inaanzia mbali, inakwama kidogo pale penye kisiki, halafu inaendelea, halafu kimya, halafu kikohozi chake. Hapo utasikia mama kule jikoni anaongeza kuni.

Nyumba yetu ilikuwa juu ya mwinuko mdogo chini ya Ifakara, Kilombero mbele yetu na kijito cha Lumemo nyuma yetu. Ukipita kiangazi usingeujua mwinuko ule. Masika ndiyo yaliyokuonyesha. Maji yalijaa bondeni pande zote, mpunga ukasimama ndani yake, na sisi tukabaki kisiwani, nyumba chache na kuku wetu, tukienda kutafuta chumvi kwa mtumbwi. Nilipokuwa mdogo nilidhani watu wote duniani huwa kisiwani nusu ya mwaka.

Baba ndiye aliyetaka nisome. Misheni ilikuwa milimani, upande wa Mahenge, na masista walipokea wasichana. Siku ya kunipeleka alinivusha mto, akabeba sanduku langu kichwani mpaka njia panda, mahali ambapo watu wa msafara wangenichukua. Mimi ni mtu wa aibu. Hata leo nikiulizwa jambo mbele ya watu maneno yanarudi tumboni. Alilijua hilo. Aliniambia nikirudi nisihangaike kumwita mtu wala kupiga kelele ukingoni. "Piga mluzi tu," alisema. "Ule wa ndege wa matete. Nitasikia, nitakuja."

Sikujua kupiga mluzi. Nilijifunza kule misheni, nyuma ya zizi la mbuzi, mahali ambapo sista hangenisikia, kwa sababu kwake msichana anayepiga mluzi alikuwa anamwita shetani. Nilichukua muda mrefu kuupata ule wa ndege wa matete, unaopanda halafu unakatika. Nilipoupata nilihesabu kwamba sasa naweza kurudi nyumbani.

Nilirudi kabla ya wakati. Nilikuwa nimefika madarasa ya juu, vita vikaanza. Habari ilitangulia kwamba watu wamekunywa dawa ya maji, kwamba risasi za Wadachi zitageuka maji, na baada yake ukaja moshi. Masista waliondoka na askari. Sisi wanafunzi tuliambiwa kila mtu ashike njia ya kwao. Nilitembea na wanawake waliokuwa wakikimbilia bondeni, tukijificha mchana. Nilipofika ukingoni nilikaa chini kwanza, nikalowanisha midomo, nikapiga mluzi.

Hakuna aliyekuja. Nikapiga tena. Baadaye sana mtumbwi ulitokea kwenye matete, nikasimama, na aliyekuwa ndani yake ni mjomba, mdogo wake mama. Kabla hajafika karibu niliona kwamba hanitazami usoni.

Askari walikuwa wamemchukua baba. Walimtaka awavushe, akawavusha kwa mtumbwi wake, na walipofika ng'ambo walimtwisha mzigo wa risasi, wakapanda naye Mahenge. Mtumbwi waliutoboa ili watu wa upande wa pili wasiutumie. Upondo wake tu ndio uliobaki, ule mti mrefu wa kusukumia maji, kwa sababu siku ile mto ulikuwa na kina na alikuwa ameshika kafi. Mama alikuwa ameuegemeza ukutani, chini ya upenu, mahali pake pa kila siku.

Vita vilipita, ikaja njaa. Sitaiandika njaa. Waliokuwa nayo wanaijua, na wasiokuwa nayo nisiwasumbue. Niseme tu kwamba baadhi ya nyumba za mwinuko wetu zilibaki bila watu, na kwamba katika muda wote ule mama hakuacha kufagia njia ya mtumbwi. Hata siku alizokuwa hana nguvu ya kutwanga alifagia, akikaa chini katikati ya njia kupumzika, akiendelea.

*

Mambo yalipoanza kutulia, jumbe alitaka watu wa bondeni wajenge tena, wakae pamoja, wasitawanyike porini. Watu waliochomewa nyumba zao walikuja kuutazama mwinuko wetu. Waliupenda. Udongo mweusi, samaki karibu, na ulikuwa haujafikiwa na moto. Mjomba aliambiwa aseme kama pale panafaa kwa nyumba nyingi, maana yeye na baba ndio waliokuwa wakijua tabia za maji upande ule, na sasa alikuwa amebaki peke yake.

Kwetu kazi hiyo ina utaratibu wake. Mwisho wa kiangazi majani ya bondeni yanachomwa. Moto unapita juu ya ardhi yote na kuiacha nyeusi, isipokuwa pale ambapo maji hupita masika, kwa kuwa pale chini pana unyevu na majani hayakauki. Ukipanda mahali pa juu unaona njia zote za maji zimechorwa kijani juu ya weusi. Halafu unachimba. Ukikuta tope jeusi, maji ya hapo ni ya subira, yanapanda na kushuka polepole, unaweza kujenga na kuinua kitanda. Ukikuta mchanga, maji ya hapo yana haraka. Penye mchanga hujengi.

Nilipokuwa misheni, sista alitusimulia habari za kisiwa kimoja baharini chenye mlima unaotapika moto. Alisema mawe yanayeyuka, yanatiririka kama uji, yanashuka kwa kufuata mabonde, na yakipoa yanakuwa meusi. Watu wa huko kabla ya kujenga hutazama mawe ya zamani yalipita wapi, kwa sababu moto nao una njia zake unazozipenda. Mwenzangu mmoja aliuliza kwa nini hawahami kisiwani. Sista alisema wengine huhama, na wengine hurudi wakajenga palepale, kwa sababu mashamba yao na makaburi yao yako pale. Darasa lote lilicheka ujinga wao. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikifikiria kwetu masika, kuku juu ya paa.

Tatizo ni kwamba tangu vita hakuna aliyechoma majani. Moshi ulikuwa umewachosha watu. Wakati wa vita ukiona moshi ulijua kuna kijiji kinachochomwa, na baada ya moshi walikuja askari, au walikuja wengine. Kwa hiyo majani yalikuwa yameota juu ya majani, na hakuna aliyejua maji yamefanya nini chini yake. Mjomba aliposema kwamba ni lazima tuchome, wanawake wawili waliondoka kikaoni bila kuaga.

Na kulikuwa na jirani yetu, mzee mmoja aliyerudi vitani na kovu begani, mwenye ulimi kama kisu cha kuparia samaki. Mjomba alieleza kwamba Lumemo haijulikani siku hizi, kwamba kwenye kona yake magogo yamejaa na hakuna aliyeyatoa miaka yote ile, na kwamba anaogopa maji ya masika yatakuja kwa nyuma. Yule mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza kwa upole kabisa:

"Maji tena, mwanangu? Ya kwanza tuliyanywa, hayakutosha?"

Watu walicheka kile kicheko cha pua. Mjomba alicheka nao, kisha akasema haya ya sasa hayahitaji mtu ayaamini. Majani yakachomwa keshoye.

Moto ulipita kuanzia asubuhi hadi jua lilipoanza kushuka. Mama hakutoka nje. Mjomba alikuja kunichukua, akasema macho yangu ni mazima kuliko yake na mimi ni mwepesi, nipande kichuguu kikubwa kilicho nyuma ya nyumba nimwambie ninachokiona. Alikuwa akiniita mjomba, kama mimi nilivyokuwa nikimwita. "Haya, mjomba, panda. Usiogope, hakuna atakayekuuliza swali huko juu."

Nilipanda. Majivu yalikuwa bado ya moto, yakinuka kama mkeka ulioungua. Bonde lote lilikuwa jeusi mpaka kwenye mihama, ile mitende mirefu ya porini, kule Michenga. Niliona njia ya Lumemo ya zamani, kijani hafifu, imekaribia kufa. Kutoka kwenye ile kona ya magogo niliona nyingine, mpya, pana, majani yake mabichi kabisa. Ilikuja ikipinda, ikikwepa vichuguu, ikikwepa mihama, ikinyooka kuelekea kwetu, na ikaishia nyuma ya jiko letu.

Niligeuka kutazama upande wa pili, mtoni. Huko nako weusi mtupu, isipokuwa mstari mmoja mwembamba wa kijani, umenyooka kama uzi, kutoka kwenye matete hadi mlangoni. Ilikuwa njia ya mtumbwi. Moto ulikuwa umefika pande zake zote mbili ukaiacha.

Kati ya kijani cha nyuma na kijani cha mbele palikuwa na nyumba yetu tu.

Nilikaa juu pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mjomba hakuniharakisha. Niliposhuka nilimchorea kwa kidole kwenye majivu, Lumemo hivi, Kilombero hivi, nyumba hapa. Alichuchumaa akatazama. Kisha alichukua jembe, akachimba nyuma ya jiko la mama, kina cha mkono. Mchanga. Mweupe, safi, umelala juu ya tope jeusi kama chumvi juu ya ugali. Haukuwepo zamani. Uliletwa katika masika yale ya njaa, wakati hakuna mtu aliyekuwa na nguvu ya kutoka nje na kutazama.

Alinieleza taratibu, akiwa bado amechuchumaa. Maji ya Lumemo yakikosa njia yao yatakuja kwa hapa. Yakifika hapa yatatafuta pa kushukia mtoni, kwa sababu maji yote yanataka kushuka. Mwinuko mzima una ukingo mgumu isipokuwa sehemu moja, ile ambayo baba aliichimba kwa mtumbwi wake, jioni moja baada ya nyingine. Masika yale ya njaa maji yaliishia nyuma ya jiko. Safari hii yatapita katikati ya nyumba, yateremke kwa njia yake, na yakishaanza kuteremka yataukata mwinuko vipande viwili.

"Alitutengenezea mlango," alisema mjomba, "akayafungulia na maji."

Kisha aliniomba radhi kwa kusema hivyo.

*

Mama alikuwa ameshaona. Tulipozunguka mbele ya nyumba tulimkuta amesimama mlangoni, mikono kifuani, anatazama ule mstari wa kijani ndani ya bonde lililoungua. Uso wake ulikuwa na kitu ambacho sikukiona tangu niliporudi. Ulikuwa umefunguka.

"Mmeona?" alituuliza. "Moto umeikataa njia yake."

Mjomba alinitazama, nami nilitazama miguu yangu.

Alimweleza. Alimwonyesha mchanga, aliuweka kiganjani mwake. Mama aliusikiliza mchanga ule kama mtu anayesikiliza kesi ya jirani. Alipomaliza, mama alisema kwamba amesikia, na wengine wasijenge hapa, ni sawa, wapelekwe juu Ifakara. Yeye atabaki. Mjomba alisema hakuna kubaki. Mama alisema alikwisha kubaki siku zote hizi, na njaa, na askari, sasa ahame kwa sababu ya majani mabichi? Kulikuwa na waliotaka kusaidia. Walikuja na majembe wakasema basi tuifukie ile njia, tuweke udongo na magogo, maji yapite kwingine. Mama alishuka akasimama ndani ya njia ya mtumbwi. Alisimama tu na ufagio wake, mpaka wakaona aibu wakarudisha majembe mabegani. Mjomba mwenyewe aliwaambia udongo wa mwaka mmoja hauzuii maji, wasijichoshe.

Usiku wala mchana hawakukubaliana. Mjomba alikuja kila siku, anakaa kwenye kigogo pale nje, wanazungumza mambo ya kawaida, mbegu, nguruwe pori, halafu wanafika palepale.

"Dada, atakuja Ifakara. Ataulizia."

"Amuulize nani?" alisema mama. "Waliokuwa wanatujua wako wapi?"

Nyumba zilizobaki wazi zilikuwa zikituzunguka.

Nilikuwa nikiwasikiliza kutoka ndani, nikipepeta mchele ambao ulikuwa umeshapepetwa. Nilimwelewa mama kuliko nilivyotaka. Nami pia kila jioni, jua likifika kwenye matete, nilikuwa nanyamazisha mikono yangu nisikilize. Nilikuwa nikifikiri kwamba tukihama, sauti ile itakuja siku moja, itakwama pale penye kisiki, itaendelea, itafika mlangoni, na hakutakuwa na mtu wa kuongeza kuni. Nilikuwa nikifikiri pia kwamba maji yatakuja, na mama hajui kuogelea. Mawazo yote mawili yalikaa ndani yangu pamoja na sikuweza kulitoa hata moja mdomoni.

Mvua za kwanza zilinyesha milimani. Sisi hatukupata tone, ila tulisikia ngurumo, na asubuhi moja nilipoenda nyuma ya jiko kumwaga majivu nilikuta majani mabichi yale yamelala. Yote yamelala upande mmoja, yamechanwa kama nywele, na kati yake maji membamba, ya rangi ya chai, yakija bila sauti. Hayakuwa yamefika hata kwenye vidole vyangu. Niliyatazama yanavyochagua njia, yanasimama, yanajaza kishimo, yanaendelea.

Nilirudi ndani. Mama alikuwa ameinama anachukua ufagio.

Nilimwambia habari za mluzi. Sikuwa nimemwambia kamwe. Nilikuwa nimeliweka lile jambo kama langu peke yangu, kitu pekee ambacho baba alinipa mimi bila yeye. Nilimwambia siku ya njia panda, na maneno aliyoyasema, na jinsi nilivyojifunza nyuma ya zizi, na jinsi nilivyopiga mluzi ukingoni akatokea mjomba. Maneno yalitoka vibaya, yakigongana. Mama aliunyoosha mgongo wake polepole.

"Baba hakuniambia nitamkuta mlangoni," nilisema. "Aliniambia niite, atakuja nilipo. Mama, yeye ni mtu wa kufuata sauti. Hatatutafuta kwa nyumba."

Alikaa kwenye kigoda. Nilidhani nimemuumiza, na nadhani kweli nilimuumiza. Halafu aliniuliza ule mluzi ukoje.

Niliona haya. Ndani ya nyumba, mbele ya mama, asubuhi. Nilipiga, ukatoka hafifu, ukapanda, ukakatika.

"Ndio huo," alisema mama. "Alikuwa akiupiga akinijia kwetu, kabla hajanioa. Wazazi wangu walidhani ni ndege."

*

Watu wa bondeni wakihama kwa ajili ya maji, hawaondoki hivihivi. Wanaacha upondo. Unachomekwa pale mlango ulipokuwa, umeinamishwa kuelekea upande walikokwenda, ili anayekuja kwa mtumbwi juu ya maji, wakati njia zote zimefunikwa, aone ncha yake na ajue awafuate wapi. Upondo wowote unafaa. Mama alisema utakuwa ule wa baba au hahami.

Mjomba aliuchomeka yeye mwenyewe, akauzamisha kwa kina, akashindilia udongo, na upande wa Ifakara akaweka mawe mawili ya jiko letu. Figa la tatu mama alilibeba. Upondo uliinama kuelekea Ifakara, kwenye ardhi ya juu ambako tulipewa mahali pa kujenga. Mama alizunguka akautazama kwa kila upande, akarudi nyuma akausogeza kidogo sana, kidole kimoja hivi, kisha akasema haya.

Yule mzee jirani alikataa kuhama. Alisema alikwisha kukimbia mara moja kwa sababu ya maji na hatafanya tena. Alitutania tukipita na mizigo, akamwambia mjomba amsalimie Nuhu.

Maji yalikuja masika yalipokolea, mchana, watu wakiwa mashambani. Sisi tulikuwa juu tukisikia mngurumo ambao sikuujua, kama mawe yanasagwa chini ya ardhi. Mjomba alishuka na mtumbwi, na jioni alirudi na yule mzee ndani yake, amelowa, amekumbatia jogoo. Alipotua alitusalimia wote mmoja mmoja kwa heshima kabisa. Kisha akamwambia mjomba, "Haya yametosha." Ndio utani pekee aliowahi kuufanya juu ya nafsi yake.

Kutoka kwetu kupya niliweza kuona mwinuko wetu. Ulikuwa miwili. Katikati maji yalipita meupe, yakishuka mtoni pale pale, yamenyooka kama uzi. Mama alisimama kando yangu. Alisema tu kwamba baba alikuwa na mkono ulionyooka, kila kitu alichokivuta kilinyooka.

Kiangazi kilichofuata tulishuka, mama na mimi. Nyumba haikuwepo, wala jiko, wala kigogo cha mjomba. Palikuwa na mfereji mpana wenye mchanga mweupe, na ukingoni mwake, kwa maajabu, upondo. Mawe ya jiko yalikuwa yameushika. Lakini maji yalikuwa yameugeuza. Ulikuwa umeinamia upande wa pili, kwenye matete, mahali ambapo hakuna mtu anayeishi.

Nilishindwa kujizuia. Nilifikiria miezi yote ile ya maji. Nilifikiria mtu anakuja kwa mtumbwi wa kuazima, anaona ncha ya upondo wake mwenyewe, anautambua, anaufuata, anaingia kwenye matete, anatafuta humo. Nilianza kulia kama mtoto, nikiuvuta urudi mahali pake, nao haukutaka.

Mama alinishika mkono. "Wacha, mwanangu," alisema. "Yule ni mtu wa mto. Anajua maji hugeuza mti. Atatazama mawe ya chini yako upande gani."

Tuliusimamisha pamoja, tukauinamisha Ifakara, tukashindilia. Mama alikuwa amekuja na ufagio. Nilidhani ameuleta kwa mazoea tu. Aliutazama ule mchanga palipokuwa mwanzo wa njia, mpana kama mto mdogo sasa, hauna mlango juu yake, akauegemeza ufagio kwenye upondo, akauacha pale.

Jua lilikuwa limefika kwenye matete. Ndege walikuwa wakishuka kulala.

"Piga," aliniambia.

Nilitazama huku na huku kama kuna watu. Nililowanisha midomo, nikapiga, safari hii kwa nguvu, ukapanda, ukakatika. Kutoka ng'ambo ndege mmoja alijibu. Tulijua wote wawili kwamba ni ndege. Tulisimama tukisikiliza mpaka akajibu tena, kisha mama akajifunga khanga vizuri na tukaanza kupanda.